Sura ya Sita: Cha Saba Kabla ya Cha Pili

Wasomaji wengi wa Marekani walioanza na Stephanie Plum tangu kitabu cha kwanza siku hizi wanamlalamikia kwamba habadiliki. Sisi wa Likoni, kusini mwa feri ya Mombasa, tunampendea hapohapo, kwamba habadiliki. Vitabu ni vilevile na mwandishi ni yuleyule. Kilichotofautiana ni njia vilizopitia hadi vikamfikia msomaji, na nimeona mara nyingi kwamba maoni ya mtu juu ya kitabu huanza kupikwa njiani, kabla hajafungua ukurasa wa kwanza.

Kwa asiyemjua huyu binti, nianze naye. Janet Evanovich alitoa kitabu cha kwanza, One for the Money, mwaka 1994. Tangu hapo vimefuatana karibu kila mwaka, kila kimoja na nambari yake ndani ya jina, na mwaka 2023 kikatoka cha 30. Stephanie ni mtu wa Trenton, jimbo la New Jersey. Alikuwa akinunua nguo za ndani za kike kwa niaba ya duka kubwa, akafutwa kazi. Kodi ya nyumba hana, gari limechukuliwa na wenye kudai, na binamu yake Vinnie ana ofisi ya kuwawekea dhamana washtakiwa. Anamshurutisha Vinnie ampe kazi ya kuwasaka waliokimbia kesi. Bastola hajui kuitumia, na nyumbani huiweka ndani ya kopo la biskuti. Mtoro wake wa kwanza ni Joe Morelli, polisi anayeshtakiwa kwa kuua, mwanamume aliyemchezea ujanani na ambaye yeye alikuja kumgonga kwa gari. Dhamana ya Morelli ni dola 100,000. Akimrudisha, fungu lake ni asilimia kumi.

Sasa fikiria mtu aliyenunua kila kitabu kikiwa kipya, kwa bei kamili, akangoja mwaka mzima apate kingine. Tangu ujana wake anataka kujua kama Stephanie ataolewa na Morelli au atamfuata Ranger, yule msakaji mwenzake wa mavazi meusi na maneno machache. Msomaji amezaa, amesomesha, mvi zimeingia. Hadi kitabu cha 30 Stephanie bado yuko kwenye thelathini na kitu, hajaamua, na gari lake limeungua tena. Mtu huyo ana haki ya kusema anazungushwa.

Likoni hakuna niliyemjua aliyevipata hivyo. Vyetu vilikuja kutoka hoteli za Diani. Mtalii hubeba riwaya ya kusoma kando ya bwawa, likizo ikiisha huiacha chumbani kwa kuwa begi limejaa vinyago. Mfanyakazi wa usafi huondoka nayo, au meneja hukusanya za msimu mzima na kumgawia anayetaka. Ikifika Ukunda imekwisha kubadilisha mikono mara mbili, na kwa matatu ya Likoni inateremka hadi kwa wauzaji wanaotandaza turubai njia ya kuelekea feri, kati ya viatu vya mtumba na chaja za simu. Utazijua kwa kurasa zilizovimba maji na harufu ya mafuta ya jua ambayo haitoki hata uzianike. Nyingine ni za Kijerumani. Hizo hufungiwa njugu.

Kwa hiyo mimi nilianza na cha saba, Seven Up, cha mwaka 2001. Baadaye nikapata cha pili, Two for the Dough, cha 1996. Kisha cha kumi na mbili, na hadi leo kuna vya katikati sijavitia machoni. Ukisoma hivyo, suala la Morelli na Ranger halikusumbui. Huwezi kusema mwandishi amekwama mahali pamoja wakati wewe mwenyewe unaruka mbele na kurudi nyuma kama mcheza bao. Unachotaka ni kwamba ukifungua kitabu chochote, ofisi ya Vinnie iwe pale, Lula, mwenzake wa kazi, awe na njaa, panya wa kufugwa aitwaye Rex awe amelala ndani ya kopo la supu, na bibi yake Stephanie awe tayari kwenda msibani. Kubadilika kungetupoteza. Wanachokiita Marekani uvivu wa mwandishi, kwa msomaji wa turubai ni adabu: kila mlango umeachwa wazi.

Hicho cha saba nakisifu pia kwa mtoro wake. Ni Eddie DeChooch, mzee wa kundi la wahalifu wa zamani, macho yameisha, anaendesha Cadillac nyeupe hata barabara haioni vizuri, na kila Stephanie akimpata anamponyoka. Ugumu wenyewe ni kwamba huwezi kumpiga risasi mzee, wala kumwangusha chini mbele ya watu. Shangazi yangu, mwenye kusoma kwa miwani ya kuazima, alifika hapo akakiweka kitabu mapajani.

"Huyu msichana kafundwa," akaniambia. "Mzee hata akiwa mwizi ni mzee. Utamshikaje?"

"Lakini, shangazi, ndiyo kazi yake."

"Kazi! Amwendee mkewe. Au dadake. Mzee hukamatwa na jamaa zake."

Na ukiangalia vizuri, ndivyo vitabu vile vinavyokwenda. Stephanie si hodari wa chochote ila kuulizia. Mtaa aliozaliwa, ambao wenyewe huuita Burg, ni wa watu waliooana, waliosoma pamoja na kuzikana. Mtoro hajifichi msituni, yuko kwa mama yake anakula. Ufundi wa msakaji ni kujua mama huyo ni nani, ana ugomvi na nani, na jirani gani yuko tayari kusema. Mtu wa Timbwani au Mtongwe, hapa Likoni, hahitaji kuelezwa jambo hilo. Sijui ni riwaya ngapi za upelelezi wa Kimarekani zinazoweza kuhamishwa hadi hapa bila kubadilisha zaidi ya chakula, lakini hii ingehama.

Isingehama sheria yake, na hapo pana jambo la kukaa nalo kidogo.

Kazi ya Stephanie ipo kwa sababu Marekani imeruhusu dhamana iwe biashara. Mshtakiwa asiye na fedha humlipa mwenye ofisi sehemu ya dhamana, mara nyingi asilimia kumi, na fedha hiyo hairudi. Mwenye ofisi humdhamini mbele ya mahakama. Mshtakiwa akitoroka, mwenye ofisi ndiye hasara yake, hivyo humlipa mtu amtafute. Nguvu za mtafutaji huyo zimeegemea maneno ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Taylor na Taintor ya mwaka 1872: mdhamini anaweza kumshika mtu wake, kumfuata hadi jimbo jingine, hata kuvunja nyumba yake kuingia. Hata huko si pote. Kentucky, Oregon na Wisconsin wameipiga marufuku biashara hiyo.

Kwetu, Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 49, inampa aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana au bondi yenye masharti ya kiasi, isipokuwa pawe na sababu nzito ya kumzuia. Anayemdhamini si kampuni. Ni mtu. Nenda mahakama za Mombasa asubuhi yoyote ya kesi, utamwona kwenye benchi la nje: mama mtu mzima, buibui limepigwa pasi, mkononi ana bahasha ya kaki iliyokunjwa pembeni, na ndani ya bahasha mna hatimiliki ya kiwanja. Haiachi hata akienda chooni. Anayedhaminiwa ni mtoto wa dada yake, au kijana aliyekuwa akimsaidia dukani, na ameambiwa na ukoo mzima kwamba yeye ndiye mwenye karatasi. Asilimia kumi hapati. Mshtakiwa akifika kila siku ya kesi hadi hukumu, faida ya mama huyu ni kurudishiwa kilicho chake.

Asipofika, hakimu hutoa hati ya kumkamata, na mdhamini huitwa aeleze kwa nini mali yake isichukuliwe. Asipolipa anaweza kufungwa yeye. Akihisi mapema kwamba kijana ana nia mbaya, sheria inamruhusu aende kortini aombe kujitoa, na hapo kijana hukamatwa na polisi. Kuvunja mlango wa mtu hana ruhusa. Lakini kutafuta anatafuta, tena kwa bidii ambayo Stephanie hajaifikia, maana Stephanie akikosa amekosa ujira, na huyu akikosa amekosa nyumba. Atakwenda kwa mama wa kijana. Atakwenda stendi ya bodaboda. Atamtuma mtoto wa shule akae karibu na ngazi za feri, kwa kuwa mwenye miguu havuki kwa tiketi wala jina lake haliandikwi popote, lakini sharti apite pale. (Siku hizi barabara ya Dongo Kundu imempa mtoro njia ya pili. Atakayeandika riwaya ya Likoni aikumbuke, wasomaji watamshika.)

Nimeona wanawake waliowahi kuwa wadhamini wakivisoma vitabu hivi kwa namna yao. Hawacheki pale mwandishi alipokusudia wacheke. Gari likiungua, wanafungua ukurasa unaofuata. Vinnie akimpigia Stephanie kelele kwamba fedha zitapotea wiki hii, hapo ndipo wanapokaa kitako na kuanza kueleza mambo ya mtu fulani.

Vijana wa bodaboda, kinyume chake, ni magari tu. Evanovich hupenda kuharibu gari moja au mawili kwa kila kitabu, na hawa wanazo hesabu za mabati: lipi lililipuliwa, lipi liliangukiwa, kwa nini lile Buick kubwa la urithi halipatwi na jambo hata magari mapya yakiteketea. Mmoja alinishikilia kwamba Buick ndilo shujaa wa mfululizo mzima. Sikuwa na la kumjibu na bado sina.

Lakini nikiulizwa ni nani anayependwa kuliko wote upande huu wa maji, ni bibi wa Stephanie, Grandma Mazur. Bibi huyu burudani yake ni kwenda kwenye nyumba za kuandalia maiti kuwatazama marehemu waliovishwa na kupambwa, na jeneza likifungwa yeye hutafuta njia ya kulifunua. Nilidhani wasomaji wetu watachukizwa. Wapi! Walimtambua mara moja. Kila mtaa una bibi wa matanga, anayejua chai ya nani ilikuwa nyepesi, nani alilia kwa haki na nani alilia kwa sababu ya shamba. Tofauti ni vifaa. Two for the Dough ina kisa cha majeneza 24 yaliyopotea, na shangazi alilivalia njuga jambo hilo kwa wiki nzima. Majeneza ishirini na nne ya nini, ilhali msikiti mzima una moja, linakwenda kaburini na kurudi? Nikamweleza kwamba kule kila maiti huzikwa na lake, tena la bei. Akasema basi ndiyo maana wanaiba.

Wapo waliokataa kucheka, na hao siwapiti haraka. Jirani mmoja, mtu mzima kuliko mimi, nilimpa kitabu cha kwanza akakirudisha siku ya pili, hajafika nusu. Mambo ya mtu kuingia nyumba za watu kumsaka mtu kwa malipo, alisema, kwake si mchezo. Ni mkaaji wa Likoni wa siku zote. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 wavamizi walikishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi, wakabeba silaha, na katika siku zilizofuata watu wa bara wakauawa na kufukuzwa majumbani. Kisha ikaja misako. Vijana walizolewa nyumba kwa nyumba, wenye hatia na wasio nayo, na miaka ya baadaye, ulipozuka ugaidi, picha za wanaosakwa zikabandikwa na donge nono likatangazwa. Mlango unaopigwa teke una maana yake kwa aliyewahi kulala nyuma ya mlango huo. Evanovich aliandika akiwa na uhakika kwamba msomaji wake hatauona mlango kuwa wake. Sikumshurutisha jirani yangu, na sidhani kuna la kumshurutisha. Kitabu cha kuchekesha kina mpaka wake, na mpaka huo haumo ndani ya kitabu.

Mwalimu mstaafu ninayekaa naye barazani Mtongwe ana lawama ya aina nyingine. Yeye anasema huu si upelelezi. Fumbo la Stephanie hufumbuliwa na bahati: anakosea nyumba, anaanguka dirishani, muuaji anajitokeza mwenyewe. Akitaka upelelezi, asema, yuko na Bwana Msa.

Hapo Mwalimu amenigusa, kwa sababu Bwana Msa ndiye jamaa wa karibu kabisa wa Stephanie katika lugha hii, ingawa Mwalimu angetoka barazani akisikia. Muumba wake ni Mohamed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alifanya kazi katika idara ya afya kama mkaguzi kwa karibu miaka kumi kabla ya kuingia uhariri wa magazeti mwaka 1948, na tangu 1958 akawa mhariri wa jarida la Mkulima hadi alipostaafu mwaka 1968. Mimi husema ukaguzi wa afya ulikuwa shule yake: mtu anayeingia nyua za watu kutazama mashimo na mapipa ya maji hujua mengi yasiyoandikwa kwenye ripoti. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957–58, ikatoka kitabu mwaka 1960. Kuna mauaji, kuna mahali pa mizimu, watu wamekwisha kuamua ni kazi ya mizimu, na Bwana Msa, kiko mdomoni, anaamua ni kazi ya mkono wenye vidole vitano.

Sherlock Holmes yumo mle, hakuna anayebisha. Kiko ni chake, na Najum, rafiki anayekisia kila kitu kombo, ni Watson aliyevaa kanzu. Hata Inspekta Seif ana kazi ileile ya polisi wa vitabuni, kufika amechelewa. Lakini Holmes wa London husoma matope ya viatu. Bwana Msa husoma nasaba. Siri katika vitabu vyake karibu kila mara ni ya damu: mtoto asiyejua baba yake, ndugu waliopotezana, mke mwenye historia ambayo mume wake hajaambiwa. Wahakiki wamemlaumu kwa sadfa kuzidi, kwamba haiwezekani watu wote hao wawe wanahusiana. Lawama hiyo ni ya mtu wa mji mkubwa. Katika miji ya pwani kisichowezekana ni kuwapata watu kumi barazani wasiohusiana. Mwalimu huyohuyo anayemcheka Stephanie kwa bahati zake, mwaka juzi aligundua kwamba mkwe wa mwanawe ni mjukuu wa mnyonyeshwa mwenzake. Hakushangaa hata kidogo. Alikasirika tu kwamba hakuambiwa mapema.

Mzaha pia umo, na ni mzaha wa mazungumzo. Msa na Najum hutaniana wakati maiti haijapoa. Ni watani waungwana, Kiunguja chao kimenyooka, misemo imejaa tele, na mara kwa mara kesi inasimama kabisa ili mmoja amalize kumkejeli mwenzake. Msomaji mwenye haraka hukasirika. Asiye na haraka hugundua baadaye kwamba ndicho alichokuja kukisoma. Stephanie na Lula ndani ya gari, wakimngoja mtoro huku wakibishania kuku wa kukaanga, wanafanya kazi hiyohiyo.

Lakini angalia vitabu vya Bwana Msa vilivyokuja. Baada ya kitabu cha 1960 ilibidi kungoja miaka minane kupata Kisima cha Giningi, mwaka 1968. Kisha, kama aliyefunguliwa bomba, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975 na Mwana wa Yungi Hulewa 1976, vyote vinne kwa East African Publishing House ya Nairobi. Kosa la Bwana Msa kikaja mwaka 1984. Saba tu kwa miaka ishirini na nne. Hapakuwa na nafasi ya kumchoka. Na katikati ya miaka hiyo mpaka ulifungwa: Tanzania iliufunga mwezi Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa mwaka huohuo, na mpaka haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Nyumba ya uchapishaji iliyokuwa ikiuza pande zote mbili ilibaki na upande mmoja. East African Publishing House baadaye ilifilisika. Vitabu vilivyokuwa madukani Mombasa vikaisha bila kuchapwa upya. Vilivyobaki vilikuwa vya maktaba za shule, na Bwana Msa akahamia huko, kwenye kabati lenye kufuli.

Hapo ndipo maoni juu yake yalipoharibika, kwa maoni yangu. Waliomsoma kabla, watu wa umri wa Mwalimu, wanamzungumza kama mtu waliyemjua, hata hucheka kabla hawajamaliza kusimulia. Waliomkuta kabatini wanamheshimu. Wanaweza kukutajia methali alizotumia na dhamira za kitabu, moja hadi tano, lakini uwaulize walicheka wapi, wanakutazama. Nakala niliyo nayo ina muhuri wa shule, na mtu amepigia mstari kila tashbihi kwa kalamu nyekundu. Pale Najum anapoaibika vibaya kabisa, pembeni pameandikwa: "Sifa za Najum – mwaminifu."

Waliokuja baada yake walipita njia nyingine. Willy Gamba wa Elvis Musiba, jasusi wa Tanzania, alifika Nairobi katika Kufa na Kupona ya mwaka 1974, kisha Kinshasa katika Kikosi cha Kisasi. Joram Kiango wa Ben Mtobwa akafuata. Hawa hawakuwekwa kabatini. Walivuka Horohoro na Lunga Lunga ndani ya mifuko ya makondakta wa mabasi ya Tanga, na kituo chao cha kwanza cha maana Kenya kilikuwa hapa, upande wa kusini wa feri, kabla kisiwa chenyewe hakijawaona. Walisomwa na makuli, na walinzi wa usiku, na wasichana waliovificha ndani ya vitabu vya hesabu. Mzaha kwao ni haba. Gamba ni mtu wa risasi, na hana bibi. Wasomi waliwadharau kwa muda mrefu. Wasomaji hawakuwa na habari ya dharau hiyo.

Kitabu kikipita mikono mingi hivyo, kinachokufa kwanza ni jalada, kisha kurasa za mwisho. Kwa riwaya ya mapenzi si neno, mwisho wake unaujua. Kwa riwaya ya upelelezi ni balaa. Pale stendi ya bodaboda kulikuwa na Willy Gamba mmoja aliyekatika kama kurasa kumi kabla ya mwisho, na kila aliyemsoma alilazimika kupewa mwisho kwa mdomo na aliyemtangulia. Mpaka zamu yangu ilipofika, miisho ilikuwa mitatu. Katika mmoja Gamba aliwamaliza wote peke yake. Katika wa pili msaliti alikuwa bosi wake. Wa tatu, wa kijana mmoja wa mtaa wa Bofu, ulikuwa na mwanamke ambaye kitabuni hakuwepo kabisa, naye ndiye aliyeokoa kila mtu. Watu walikwisha gawanyika kwa miisho hiyo, na kulikuwa na wawili waliokuwa hawapakiani abiria.

Nikauliza kama hakuna mwenye nakala nzima tukamaliza ubishi. Kijana wa Bofu akasema anayo, ya kaka yake, iko Ukunda.

"Sasa mbona huileti?"

"Nimeisoma," akasema. "Wa kwangu ni bora."

Wenzake wakamkubalia, hata wale wa miisho mingine, na mmoja akapiga moto pikipiki akaenda zake kumpokea abiria wa feri.